Nahau ya Mia na Kumi na Saba

Bi Maana alikuwa mwepesi wa kuona kinyaa. Tangu utotoni hakuweza kunywea kikombe alichonywea mwingine, na hata alipofika miaka hamsini na mbili alikuwa bado anaosha sahani mara mbili, mara ya pili kwa sababu hakumwamini aliyeosha mara ya kwanza, hata kama aliyeosha ni yeye mwenyewe. Sasa pima taabu aliyoipata kufanya kazi miaka kumi na tisa chini ya mtu anayelamba kidole.

Mtu huyo alikuwa Mkuu wa chuo. Kila alipotaka kufunua karatasi alitoa ulimi kwanza, ulimi mpana wenye utando mweupe, akakipitisha kidole cha shahada juu yake taratibu kama anayeonja mchuzi, kisha akakibandika kwenye kona ya karatasi. Karatasi ile ile baadaye ilikuja mikononi mwa Bi Maana. Alijua kona ipi haigusiki. Alizishika karatasi za mitihani katikati, kwa ncha za vidole viwili, na walimu wenzake walimcheka kwamba anaogopa zitamng'ata.

Jina la Bi Maana alipewa na wanafunzi, kwa ajili ya swali lake. Mwanafunzi akitamka neno jipya, yeye hukunja pua na kuuliza, "Maana?" Akitunga sentensi nzima, "Maana?" Hata aliyeomba ruhusa ya kwenda msalani kwa Kiingereza cha mapambo aliulizwa maana huku miguu yake imebanana. Tabia hiyo aliirithi kwa baba yake, aliyekuwa akiwapigia watu barua kwa taipureta nje ya mahakama na hakukubali kupiga neno asilolijua hata mteja angelipa mara mbili. Bi Maana alilipenda jina lake, ingawa alijitia hamnazo. Aliona linamfaa mtu anayechukia maneno matupu.

Na chuo kile kilikuwa ghala la maneno matupu. Kilikuwa ghorofa ya pili juu ya duka la matairi, vyumba vitatu na ofisi, na harufu ya mpira uliopata moto ilipanda ngazi pamoja na wanafunzi. Wengi walikuwa watu wazima wenye kazi zao: madereva, wauguzi, walinzi, wahudumu wa hoteli. Walifuata cheti cha Kiingereza, kwa sababu waajiri walikitaka, na waajiri hawakuuliza kimepatikanaje. Kama wangefundishwa kuongea, wangeongea. Lakini Mkuu hakuamini kuongea. Mkuu aliamini nahau.

Alikuwa ameandika kijitabu siku za ujana wake, Nahau Mia Tatu za Kiingereza na Maana Zake, chenye jalada la kijani na picha yake nyuma ameshika mkono wa simu ambayo waya wake haukwenda popote. Kila mwanafunzi alilazimika kuwa nacho, na mtihani wote ulitoka humo: nahau mia moja, alama moja moja, sitini ndiyo kufaulu. Kwa Mkuu, si kitu kama hujui kuuliza njia kwa Kiingereza, mradi unajua kwamba Waingereza wakisema mtu amepiga ndoo teke wana maana amekufa; wakisema amemwaga maharage, ametoa siri; wakisema jambo ni kipande cha keki, basi ni rahisi. Bi Maana hakuwa na ugomvi na nahau zenyewe. Kila watu wana zao, na mtu anayesema amekula kiapo hana haki ya kumcheka anayemwaga maharage. Alichokichukia ni kuziona zikimezwa nzima nzima na watu wasioweza kumwambia daktari wanaumwa wapi.

Wala mambo hayakuishia darasani. Kila Jumatatu Mkuu aliandika Nahau ya Wiki kwenye ubao karibu na mlango wa ofisi, na kila mwalimu alitakiwa kuitumia mbele yake kabla ya chakula cha mchana, naye ndipo akamwekea alama ya vema kwenye daftari la mahudhurio. Hujaitumia, hujafika kazini. Ndiyo maana mwalimu wa kompyuta aliwahi kuomba ruhusa ya kumpeleka mwanawe hospitali kwa kumweleza Mkuu kwamba homa ya mtoto si kipande cha keki. Mkuu alifurahi, akaweka vema, akasahau kuuliza mtoto anaendeleaje.

Lakini kilichomchefua Bi Maana kuliko vyote kilikuwa cha msibani. Mlinzi wa chuo alifariki, mtu mpole aliyewafungulia mlango miaka kumi bila kukosa, nao wakaenda kuwapa pole wafiwa. Mkuu alisimama mbele ya mjane, akapanga mikono juu ya tumbo, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba wamehuzunika sana kusikia mume wake amepiga ndoo teke. Mjane hakujua Kiingereza, akashukuru. Binti yake mkubwa alikijua. Bi Maana aliuona uso wa binti yule ukibadilika, akatamani ardhi ipasuke immeze yeye na chuo chake chote. Njiani wakati wa kurudi, Mkuu aliwauliza kama wamesikia alivyoipachika vizuri.

"Nilitaka kutapika," Bi Maana alimwambia dada yake nyumbani. Tangu alipofiwa na mumewe alikuwa akiishi na dada yake mkubwa, mstaafu wa posta, mwanamke asiyepindisha maneno.

"Wewe mdogo wangu kila siku unataka kutapika na hutapiki," alisema dada yake, anachambua mchele. "Ungetapika siku moja basi tukajua."

"Nifanyeje sasa? Nimtukane?"

"Sijasema umtukane. Nimesema kuchefuka tu kila siku si kazi."

Bi Maana alinuna, akaenda kuosha sahani ambazo dada yake alikwisha kuziosha.

Basi katika chuo hicho aliingia Dobi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ya juu kwa kuzoea kushindana na mashine. Alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa, na darasani alifika moja kwa moja kutoka zamu, ananukia sabuni na wanga wa nguo. Mikono yake ilikuwa imebabuka mpaka kwenye viwiko kwa dawa za kuondolea madoa. Ngozi ilimbanduka vipande vipande kama rangi ya ukuta uliolowa, na chini yake palikuwa pekundu. Daktari alimwambia asipoachana na zile dawa mikono haitapona kamwe. Sasa hotelini kulikuwa na nafasi mapokezi, na walitaka kumpa mtu wa ndani kwa sharti la cheti. Siku ya kwanza darasani kila mmoja aliulizwa kwa nini anataka Kiingereza. Wengine walisema wanataka kupanua upeo. Dobi alipandisha mikono ya blauzi.

"Mimi nataka hii ipone," alisema.

Bi Maana alimpenda kuanzia hapo, ingawa hakuweza kumpa mkono. Kila walipokutana ngazini aliinua kitabu kwa mikono yote miwili ili asisalimiwe kwa kushikwa, na baadaye alijilaumu.

Muhula ule ule wa kwanza walifika nahau ya mia na kumi na saba. Hiyo ni ile ya Waingereza kusema mtu yuko chini ya hali ya hewa. Kijitabu kilieleza: "Hutumika kwa mtu asiye na makazi, anayelala nje." Bi Maana aliisoma kama alivyoisoma kila muhula, harakaharaka, kama mtu anayemeza kidonge kichungu. Dobi akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Hiyo si kulala nje."

"Maana?"

"Hiyo ni kuumwa. Kuumwa kidogo, si sana. Mgeni akipiga simu akisema hivyo, sisi huku chini tunajua leo hashuki kula. Na nikiletewa shuka zake, mwalimu, usiniulize. Matapishi matupu. Ya samaki, ya mvinyo, ya vyote pamoja. Mimi nimeijua hiyo nahau kwa kuifua. Na mtu asiye na pa kulala, kwetu pale anapanga chumba gani?"

Darasa liliangua kicheko. Bi Maana alihisi chakula chake cha mchana kikimpanda kooni, na papo hapo akahisi furaha ambayo hakuwa ameihisi darasani miaka mingi. Dobi alikuwa amesema kweli tupu. Bi Maana aliijua kweli hiyo kitambo. Aliikuta siku moja kwenye kamusi nene ya maktaba, akainakili, akampelekea Mkuu kwa nia njema. Mkuu aliisoma karatasi, akamrudishia.

"Kitabu kimeshachapwa, mwalimu," alisema siku hiyo. "Nakala elfu mbili. Halafu hii niliifikiria mwenyewe, sikuiga kwa mtu. Aliye chini ya hali ya hewa, juu yake hakuna paa. Iko wazi."

Tangu siku hiyo nahau ile haikukosa mtihani hata mmoja. Mkuu aliiweka ya mwisho kabisa, namba mia, kama mtu anayevalisha pete. Na Bi Maana alifyata mkia.

Kwa hiyo alipokuwa amesimama mbele ya wanafunzi thelathini, na Dobi anamtazama, alikuwa na mambo mawili ya kusema. Angeweza kusema kijitabu kimekosea, na habari zingemfikia Mkuu kabla ya chaki kuwekwa mezani. Au angeweza kusema: wewe ndiye uko sahihi, lakini kwenye mtihani andika huo upuuzi wa kitabu, neno kwa neno. Sentensi hiyo ya pili ilimfika mpaka kwenye ulimi. Aliiona chafu. Mwalimu mzima, binti wa baba yake, amwambie mwanafunzi aandike uongo? Hakutaka itoke kinywani mwake. Basi alitabasamu, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Tuendelee."

Kusahihisha katika chuo kile kulifanywa kwa rula. Ulikuwa utaratibu wa Mkuu mwenyewe. Watu wawili walikaa meza moja. Mkuu alisoma maana kutoka kwenye kijitabu kwa sauti, neno moja moja, na msahihishaji aliweka rula chini ya mstari wa mwanafunzi akifuatisha. Neno likipungua, alama imekwenda. Neno likizidi, imekwenda. Neno likibadilishwa, hata kwa lingine lenye maana ile ile, imekwenda na maji. Baadaye karatasi zilifungiwa kabatini na hazikurudishwa kwa mtu. Mwanafunzi aliona jumla yake tu, ubaoni, wala hakujua amekosa wapi.

Mara ya kwanza Dobi alipata hamsini na tisa. Nafasi ya mapokezi ikachukuliwa na mwingine. Bi Maana alimhurumia kwa moyo wote, na siku ile nyumbani hakula. Mara ya pili, mwaka uliofuata, Dobi alipata hamsini na tano, kwa kuwa wiki ya mtihani alipangiwa zamu mbili mbili. Akaandikishwa tena. Mikono ilikuwa imezidi kubabuka, sasa alivaa blauzi za mikono mirefu hata kwenye joto, na damu iliacha vidoa kwenye vifundo vya mikono. Safari hii nafasi ya mapokezi ilikuwa imefunguka upya, na meneja alimpa mpaka Ijumaa adhuhuri alete cheti.

"Nisipoleta, anapewa mpwa wake," Dobi aliliambia darasa. "Ameshaanza kuja kujaribisha kile kiti."

Mtihani ulifanyika Jumanne. Jumatano Mkuu na Bi Maana walikaa kusahihisha kwenye meza ya ofisi, dirisha limefungwa kwa sababu ya harufu ya matairi, na kwa hiyo ofisi nzima ilinuka Mkuu. Alikuwa na jasho lenye uchachu, na kila alipotamka neno lenye p, mate yalirukia kwenye karatasi. Bi Maana alikuwa akiyasubiri yakauke kabla hajasogeza rula. Karatasi ya Dobi ilikuwa ya kumi na moja. Aliitambua kwa mwandiko, herufi kubwa kubwa za mtu anayeandika lebo za mifuko ya nguo. Alihesabu kimoyomoyo. Walipomaliza namba tisini na tisa, Dobi alikuwa na alama hamsini na tisa.

Mkuu alijiweka sawa kwenye kiti, kama kawaida yake alipoikaribia namba mia. "Hutumika," alisoma. "Kwa mtu. Asiye. Na makazi."

Dobi alikuwa ameandika: "Mtu anayeumwa kidogo. Asigongewe mlango, aachiwe taulo za ziada."

"Kata," alisema Mkuu.

Bi Maana hakukata. Alishangaa yeye mwenyewe kuona mkono wake umetulia.

"Mkuu, hii ni sahihi."

"Kata, mwalimu. Tuna karatasi kumi na tisa mbele yetu."

"Ni sahihi, na unajua ni sahihi. Nilikuletea kutoka kwenye kamusi, kwa mkono wangu. Huyu mama anakosa alama moja. Moja tu. Kesho kutwa kazi inapewa mtu mwingine."

Mkuu alikifunga kijitabu, kidole kikiwa ndani. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alimtazama kwa upole kama mtu anayemweleza mgeni kwa nini duka limefungwa.

"Nikimpa huyu, nimesema kitabu changu kina kosa," alisema. "Nikishasema hivyo, wale wote walioandika ya kitabu, alama walipata kwa kosa. Muhula kwa muhula, mwalimu. Kuna muuguzi mkuu ana cheti changu. Kuna ofisa wa forodha ana cheti changu, na alipata sitini kamili. Nikamvue?"

"Sijasema umvue mtu."

"Umesema nini basi?"

"Nimesema mpe alama moja."

Mkuu alifikiri. Alitoa ulimi, akaurudisha. Kisha uso wake ukachangamka, na Bi Maana alijua kinachokuja hakitakuwa kizuri.

"Mimi sina roho mbaya," alisema Mkuu. "Aje kesho asubuhi. Nitamtolea karatasi yake, aifute hiyo ya taulo, aandike ya kitabu kwa mkono wake mwenyewe. Hapo nitamsahihishia kwa haki."

Mtu huyu alikuwa tayari kufungua kabati la mitihani, tayari kumrudishia mtahiniwa karatasi baada ya muda kwisha, tayari kuivunja kila sheria aliyojitungia, lakini si kugusa mstari mmoja wa kijitabu chake. Na akaliita jambo hilo haki, na mate yakamruka. Bi Maana alikuwa na maneno ya kumpa, maneno ya miaka kumi na tisa. Aliyameza. "Nitamwambia," alisema.

Alikwenda hotelini mchana ule ule. Chumba cha kufulia kilikuwa chini ya ardhi, unapita jikoni, unashuka ngazi za saruji zenye utelezi, na kabla hujafika joto linakupiga usoni. Mashine sita zilikuwa zinanguruma. Sakafu ilikuwa na maji ya kijivu yenye povu, na kando ya ukuta vilipangwa vikapu vya magurudumu vimejaa shuka za vyumbani, kila kimoja na harufu yake. Dobi alikuwa katikati ya vikapu hivyo anachambua shuka kwa mikono mitupu, anazitupa huku na huku bila kuzitazama, kama mtu anayegawa karata. Glavu walipewa jozi moja kwa mwezi, alisema, na ya mwezi huu ilichanika tarehe nne. Bi Maana alitoa leso, akajiziba pua, akasema alichotumwa.

Njia nzima alikuwa amejiandaa. Alidhani Dobi atawaka. Kwa kweli alitamani Dobi awake, akatae, aseme bora akose kazi kuliko kuandika upuuzi ule, na yeye Bi Maana asimame naye bega kwa bega mbele ya Mkuu, hata kama ni kufukuzwa. Alikuwa ameshaiona picha hiyo kichwani na ilikuwa picha safi.

"Kesho saa ngapi?" aliuliza Dobi.

"Utakwenda?"

"Niende saa ngapi, mwalimu? Zamu yangu inaanza saa nne."

"Lakini huoni ni uchafu? Kuandika kitu unachojua si kweli, mbele yake, ili yeye afurahi?"

Dobi alimtazama vizuri, leso na yote. Kisha akatazama kile kikapu kilichokuwa mbele yake, akacheka kicheko cha dhati kabisa.

"Mwalimu wangu," alisema, "uchafu ndio huu hapa."

Alhamisi asubuhi Dobi alikuja amevaa nguo nzuri. Mkuu alimkaribisha kama mkwe. Alimpa kalamu yake mwenyewe na kichupa cha wino mweupe wa kufutia. Dobi alifuta kuumwa kidogo, akafuta taulo za ziada, akapuliza mpaka pakauka, akaandika: Hutumika kwa mtu asiye na makazi, anayelala nje. Hakukosea hata neno. Mkuu aliweka rula, akasoma kwa sauti tamu, akaandika sitini kwa tarakimu na kwa maneno.

"Unaona?" alimwambia. "Ulikuwa unajua muda wote. Woga tu wa mtihani."

"Woga, Mkuu," alisema Dobi.

Mkuu akakipitisha kidole juu ya ule ulimi wake, akachomoa cheti kutoka kwenye rundo, akatia sahihi na muhuri. Alimpa Dobi mkono, akautikisa mkono ule mwekundu bila kuusitia hata kidogo, na Bi Maana, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishindwa kujua anamwonea kinyaa nani. Dobi alishukuru kwa heshima zote. Alikiingiza cheti kwenye bahasha, bahasha kwenye mkoba, akaaga.

Bi Maana alimsindikiza mpaka ngazini. Alijisikia vizuri kidogo. Baada ya yote, ni yeye aliyesema neno jana, na kama si yeye cheti kile kisingekuwa kwenye mkoba. Alikuwa anasubiri kushukuriwa, na alikwisha kuandaa jibu, kwamba si kitu. Dobi alisimama ngazi mbili chini yake, akageuka.

"Mwalimu, naomba nikuulize. Wewe ile maana ya kweli umeijua lini?"

"Ni zamani," alisema Bi Maana. "Miaka kumi na minne sasa."

"Kumi na minne." Dobi alirudia taratibu. "Kwa hiyo siku ile nilipoisema darasani, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua. Hukuniona nilivyotabasamu?"

"Nilikuona. Ndiyo maana nikaiandika. Nilidhani umenipa vema."

Chini, dukani, mtu alikuwa anajaza upepo tairi na pampu ilikuwa inahema. Bi Maana alishika mbao ya ngazi, kisha akakumbuka ni wangapi wameishika, akaiachia.

"Na ule mtihani wangu wa kwanza," aliendelea Dobi, "hiyo nahau ilikuwemo?"

"Huwa haikosi."

"Nikaandika ya kwangu."

"Ndiyo."

"Nani alikata?"

Bi Maana angeweza kusema ni Mkuu. Ingekuwa nusu kweli. "Mkuu alisoma," alisema. "Mimi nilikata."

Dobi hakupandisha sauti. Alikuwa anahesabu, midomo inacheza kidogo, kama ahesabuvyo shuka. Miaka miwili na nusu. Mapokezi angekuwa amekaa miaka miwili na nusu.

"Mimi sikuja hapa kutafuta ukweli, mwalimu," alisema mwishowe. "Ukweli nilikuwa nao, niliupata kazini. Nilikuja kutafuta cheti. Ungenivuta pembeni tu, ukaniambia, mdogo wangu, ile ya kwako ni sawa lakini kule andika ya kitabu. Ningeandika siku ile ile na ningekushukuru. Ni maneno mangapi hayo?"

"Nilishindwa," alisema Bi Maana. "Nisiseme uongo. Niliona kinyaa kuyatamka."

"Na kukata hukuona kinyaa?"

Dobi aliuweka mkoba wake begani. Kisha akashuka ngazi, kwa sababu zamu ilikuwa inaanza saa nne na alitaka kumkuta meneja kabla.